Majimaji ya Mabuu na Uponaji wa Vidonda

Mfugaji wa Bukene, wilayani Nzega, akiona mabuu kwenye kidonda huona uozo tu, na kwa nzi wa zizini hakosei. Mabuu wanaotumika katika tiba ni wa nzi wa kijani, Lucilia sericata, waliozalishwa maabara bila vijidudu. Hutema majimaji yenye vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyokufa, kisha huifyonza. Majimaji hayo pia huua baadhi ya bakteria na kuvunja utando unaowakinga dhidi ya dawa.

Mwaka 1917, vitani, daktari Mmarekani William Baer aliwapokea askari wawili waliokaa uwanjani siku saba na majeraha yaliyojaa mabuu. Hawakuwa na homa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2004, na nchini Kenya taasisi ya KALRO imeshiriki kuzalisha mabuu hao. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 ulionesha kuwa vidonda vya miguu vilisafishika haraka kuliko kwa jeli, lakini havikupona mapema zaidi, na maumivu yaliongezeka.

Mwenye kidonda kisichopona, hususan mgonjwa wa kisukari, anashauriwa kukifunika na kufika kituo cha afya. Mabuu wakionekana, waondolewe na mhudumu wa afya.