Ubavu wa Kushoto wa Enterprise

Toi ya Enterprise ya Dinky, ile ya chuma ya miaka ya 1970, ilirusha visahani vya plastiki (kwenye TV meli haikuwahi kurusha visahani, lakini watoto walitaka kitu cha kufyatua). Imekamilika pande zote. Modeli iliyopigwa picha za Star Trek, iliyoundwa 1964, ina urefu wa mita 3.4 hivi, na sehemu kubwa ni mbao. Nyaya za taa ziliingilia ubavu wa kushoto, kwa hivyo huko hawakupamba. Kamera ilikaa kulia. Meli ikihitajika kuelekea upande mwingine, walibandika maandishi kinyume, halafu wakageuza picha. Kwangu, hiyo nusu-meli ndiyo yenyewe. Smithsonian walipomaliza kuikarabati 2016, ubavu huo waliuacha bila mapambo, nyaya zikionekana.