Farm 17, Nachingwea: Shamba Lililolirudishia Jeshi Moyo

Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, alifungua kifurushi chenye kitabu mjini Dar es Salaam. Ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Mwaka huohuo Lazaro Nkavandame, kigogo wa chama katika jimbo la Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno na kuwataka wapiganaji waweke silaha chini. Uongozi wa watu watatu uliomrithi Mondlane, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos, nao ukasambaratika kabla mwaka haujaisha. Vita vilikuwa na miaka mitano tu tangu risasi za kwanza zilipopigwa huko Chai, Septemba 1964, na wengi waliona vimefika ukingoni.

Havikufika, na sababu kubwa naiona Nachingwea.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuwa wamefyeka pori la huko, kusini mwa Tanzania, ili walime karanga. Mradi ulikufa 1951, yakabaki mashamba yenye namba. Shamba namba 17, yaani Farm 17, likawa kambi ya FRELIMO. Sisi wa Munanila, Kigoma, tunaoitazama Burundi ng'ambo ya vilima, tumezoea kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ambako mkimbizi hupokewa na kungoja amani. Farm 17 hakuna aliyengoja. Kijana alivuka mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, akiwa Mmakonde, Mnyanja au Mshangani, akachanganywa na wenzake kwenye kikosi kimoja, wakala chungu kimoja, wakajifunza ngoma za kila mkoa. Asiyejua kusoma aliketi darasani. Kila mtu alishika jembe, makamanda nao, kwa kuwa chakula kilitoka shambani mwao wenyewe. Wanawake 25 wa kwanza, Josina Muthemba akiwamo, ambaye baadaye aliolewa na Samora, walipata mafunzo ya kijeshi mwaka 1967. Kwao walikotoka, mwanamke mwenye bunduki alikuwa jambo la kushtua.

Ndiyo maana siamini kwamba jeshi lile liliinuliwa na silaha za Wachina na Warusi peke yake. Bunduki zilikuwapo hata wakati watu wanatoroka. Lililokosekana ni kuaminiana, nako kulijengwa shambani na darasani, siku baada ya siku.

Jaribio lenyewe lilikuja Julai 1970. Jenerali wa Kireno, Kaúlza de Arriaga, alimimina maelfu ya askari, ndege na makomando juu ya uwanda wa Mueda, Cabo Delgado. Kambi kubwa za FRELIMO zilitekwa. Samora, aliyekuwa ameshika urais tangu Mei, hakung'ang'ania kambi hizo. Wapiganaji walitawanyika vikundi vikundi, na uzito wa vita ukahamia Tete, ng'ambo ya Zambezi, mahali ambapo Wareno hawakuwa wamejipanga. Kufikia 1972 milio ya risasi ilisikika Manica na Sofala.

Agosti 1974, kwenye ngome ya Omar karibu na Ruvuma, wapiganaji waliizingira kambi ya Wareno alfajiri, wakawataka kwa kipaza sauti wajisalimishe. Kikosi kilitoka, kikavushwa hadi Tanzania. Mkataba wa Lusaka, uliomaliza vita, ulitiwa saini tarehe 7 Septemba.

Lakini Nachingwea hiyohiyo ilishuhudia jambo jingine: Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru, Uria Simango, aliyekuwa mmoja wa wale watatu, alisimamishwa hapo mbele ya maelfu ya watu na kulazimishwa kusoma maungamo. Hakufikishwa mahakamani. Yeye na wenzake kadhaa waliuawa baadaye nchini Msumbiji, na familia zao hazikukabidhiwa miili.