Utamu wa Sukari ya Pangani

Mimi nasomesha chuo hapa Manyoni, katika nchi iliyopitiwa zamani na misafara ya Bagamoyo na Tabora. Kwa njia hiyo zilishuka pembe, na walishuka watu waliofungwa minyororo. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Maalim, watu wale walipofika pwani walifanywa nini?" Sikuwa na jibu la kunitosha. Nilipojaaliwa kufika Pangani, kusini ya Tanga, nikalitafuta huko.

Pangani ni mji wa utulivu. Kivuko huvusha watu kwenda Bweni, nao upepo hutikisa minazi. Ukisimama ukingoni mwa mto huoni dalili ya msiba. Hata hivyo, katika miaka ya 1870 kingo hizi zilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, ya mabwana Waislamu wenzetu, na watenda kazi wake walikuwa watumwa.

Zingatia kazi yenyewe, msomaji. Mnazi humngoja mtu. Muwa ukishakatwa haungoji. Usipokamuliwa upesi, maji yake huchacha. Kwa hiyo msimu ukifika ni kukata, kukamua na kuchemsha, usiku kwa mchana. Mtumwa aliyezoea kuwa na siku zake za kulima kikonde chake, akanyang'anywa hata hizo. Mwaka 1873, upande wa Kikogwe, ng'ambo ya mto, watumwa waliasi.

Sisi humsifu Abushiri bin Salim al-Harthi, na ana haki ya kukumbukwa. Aliongoza vita dhidi ya Wajerumani vilivyoanza mwaka 1888, akanyongwa hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini yeye pia alikuwa na shamba la miwa. Ushujaa wake hauifuti khabari hiyo, wala khabari hiyo haiufuti ushujaa wake. Ushahidi wa kweli hueleza yote mawili.

Wala usidhani Mjerumani alileta uhuru. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe hiyo hiyo. Zao lilibadilika, jasho likabaki. Utumwa haukukomeshwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Nilipokuwa nangoja kivuko, mzee mmoja aliniuliza, "Shehe, watu wale hatujui majina yao wala makaburi yao. Tutawaombeaje?" Nikamwambia, "Mzee wangu, Mola anawajua. Waombee hivyo hivyo." Nilipokuwa njiani kurudi nikaona aibu: miaka mingapi nimewarehemu mabwana kwa majina yao, na hao sikuwataja hata mara moja?

Qurani, katika Sura ya Al-Balad, imeweka kumwacha huru mtumwa katika njia ile ngumu ya kheri. Wazee wetu waliisoma, na wengi hawakuipanda. Basi nasi tujitazame. Yuko mtoto wa watu jikoni mwetu anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Ujira wake tumempa? Siku ya kupumzika anayo?

Mwanafunzi wangu nimempa jibu lake. Wewe, msomaji, leo jioni tia sukari katika chai yako, uwasomee Fatiha.

Wabillahi tawfiq.