Barua ya Chifu na Ng'ombe wa Baba

Barua za kujiunga na vyuo vikuu zikitoka, ofisi za machifu hapa Machakos hujaa vijana wanaotafuta mhuri. Fomu ya basari haipokelewi bila mhuri huo, hata kama kijana amepata A na jina lake limesomwa redioni. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za huku hadi nilipostaafu mwaka 2015, kisha wazee wakanitia katika kamati ya basari ya wadi yetu. Kadiri ninavyozisoma fomu hizo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba pesa za chuo Ukambani hazijawahi kutolewa kwa akili ya mtoto peke yake. Lazima pawepo wa kumdhamini. Tangu enzi za babu zetu, kilichobadilika ni mdhamini tu.

Mdhamini wa kwanza alikuwa ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba mifugo ya Wakamba imezidi malisho, vilima vimemomonyoka, na dawa ni kuipunguza kwa nguvu. Ng'ombe karibu 2,500 walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimeshajengwa Athi River. Julai mwaka huo Samuel Muindi Mbingu, wa chama cha Ukamba Members Association, aliwaongoza maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi huko majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini mwaka haujaisha, serikali ikawa imeachana na mpango wa kuwakamata ng'ombe kwa nguvu.

Watu wale hawakuandamana kwa sababu ya karo, na sipendi wanaoigeuza historia ili ifae hotuba. Hata hivyo, huwaambia vijana kwamba bila ng'ombe waliosalia baada ya 1938, kizazi cha baba zetu hakingesoma. Benki ilikuwa zizini. Januari dume alipelekwa mnadani, karo ikalipwa, na mwenye zizi tupu mtoto wake alirudi nyumbani kuchunga mbuzi wa wengine. Ukame ulipokuja, ulimaliza mifugo na masomo kwa pamoja.

Ng'ombe walimfikisha mtoto sekondari, lakini chuo kilikuwa mbali zaidi. Kabla ya uhuru, mtoto wa Machakos aliyesema anakwenda chuo kikuu alikuwa na maana ya Makerere, na walioingia huko walihesabika. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, Uingereza, India, Marekani na kwingineko. Ukisikia hivyo unaweza kushukuru. Lakini mkopo ule ulitaka dhamana, kama hati ya shamba au mtu mwenye mali wa kusimama nyuma yako. Hati ya shamba, Machakos, mwaka 1952! Ardhi ya Wakamba wengi ilikuwa ya ukoo, mipaka yake ni mti wa mumo na kumbukumbu za wazee, na sheria iliyokuja kupima na kuandikisha mashamba ya huku kwa upana ilipitishwa 1968. Mfuko ulikuwepo, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli ambayo ufunguo wake haujachongwa.

Basi watu wakatafuta njia nyingine. Sisi wa upande wa Wamunyu tulikuwa na shoka na tezo. Mutisya Munge, mtu wa huko, alikwenda Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza uchongaji wa huko, akarudi nao. Kutoka kwake ufundi ukasambaa kijiji kwa kijiji, mpaka twiga na vifaru wa mpingo wa Wamunyu wakajaa katika maduka ya watalii Nairobi na Mombasa. Baba yangu alichonga swala. Alipokuwa akipiga msasa usiku, taa ya kibatari pembeni, vumbi jekundu likimkaa kwenye nyusi, alikuwa akihesabu kwa sauti: kumi na wawili wa muhula wa kwanza, kumi na wawili wa pili. Akina mama walikuwa na kiondo. Katika miaka ya 1970 na 1980, viondo vya mkonge viliposhika soko la Ulaya na Marekani, kuna nyumba nyingi huku zilizosomesha kwa kamba iliyosokotwa pajani mama akiwa njiani kwenda kisimani. Pesa hizo hazimo katika kitabu chochote cha bajeti ya elimu.

Kabla ya hapo, uhuru ulipokuwa ukikaribia, jina la Tom Mboya, mwanasiasa aliyewapangia wanafunzi safari za kwenda kusoma Marekani, lilikuwa midomoni mwa kila mwenye mtoto shuleni. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyokodiwa iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800 kutoka Kenya na nchi jirani. Wamarekani mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte walichangisha fedha, na 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la mwaka huo. Watu huisimulia safari hii kana kwamba kila kitu kililipiwa. Sivyo. Mara nyingi kiti cha ndege kilipatikana, lakini mwanafunzi alitakiwa awe na nafasi chuoni na pesa za kuanzia maisha, na hizo zilitoka nyumbani. Ndipo ukoo ulipoitwa.

Nina daftari moja la ukoo wetu, la mwaka 1969, tulipokuwa tukimchangia mtoto wa baba yangu mkubwa aliyepata nafasi ya kusoma uhasibu India. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Mwandishi alikuwa karani wa kanisa, mwenye mwandiko wa kuinama. Jina, kijiji, kiasi. Shilingi tano, shilingi mbili, shilingi ishirini za mwenye duka. Mama mmoja ameandikwa "jogoo", na mbele ya jogoo huyo kuna bei nne zilizokatwa kwa mstari, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia: alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa mezani, akanadiwa tena. Mwishoni mwa siku jogoo mmoja alikuwa ameleta pesa za kuku kumi. Kuna pia orodha ya pili, fupi, ya watu waliotozwa faini kwa kutohudhuria. Ukoo haukuwa ukiomba.

Ukoo ndio uliokuwa mdhamini mwenye nguvu kuliko wote, na pia ndio mzito kuliko wote kuulipa. Kaka huyu alirudi na shahada, akapata kazi nzuri, na tangu siku hiyo nyumba yake ya Nairobi haikukosa mgeni mwenye mtoto wa kusomeshwa. Alisomesha, akasomesha, mpaka akafa. Deni la ukoo halina risiti ya mwisho. Wanaousifu ukoo bila kulitaja hilo hawakuwahi kuwa na deni lenyewe.

Siasa nazo ziliuona uchangishaji huo wa ukoo zikauvutia upande wake. New Akamba Union, chini ya Mulu Mutisya, iliwachangisha Wakamba wa mijini na vijijini kujenga taasisi yetu wenyewe, Ukamba Agricultural Institute, iliyokaa upande wa Kitui; mahali hapo leo ni Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Naye Philip Mbithi, msomi wa huku kwetu, akaandika pamoja na Rasmus Rasmusson kitabu kizima juu ya harambee, yaani kuchangiana huku, kilichotoka 1977. Mbithi baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu aliyechunguza kwa undani jinsi maskini wanavyochangiana alijikuta akiongoza chuo katika miaka ambayo serikali ilikuwa ikijiandaa kuwaambia wanafunzi nao wachangie.

Lakini kwanza kulikuwa na kipindi kifupi cha ajabu, na mimi nilikipitia. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1974/75 serikali ilileta mpango wa mikopo kwa Wakenya waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Nilijiunga na Kenyatta University College 1976. Nilitia sahihi karatasi, nikapewa chumba, chakula mezani, na pesa ya mkononi tuliyoiita bumu. Siku ya bumu viatu vipya vilionekana korido nzima, na wengi wetu tulituma sehemu nyumbani, mdogo wako akalipiwa karo kwa pesa ya mkopo wako. Hakuna aliyeniuliza baba ana ng'ombe wangapi. Hakuna aliyetaka barua ya chifu. Uliingia chuoni, basi. Kwa mara ya kwanza mdhamini wa mtoto wa mchonga swala alikuwa sheria iliyo sawa kwa wote, na mpaka leo sijaona nyingine iliyomtendea maskini kwa heshima namna ile. Kasoro yake ilikuwa kwamba tuliofika kwenye meza hiyo tulikuwa wachache mno, na kwamba wengi waliuona mkopo kuwa zawadi, kwa kuwa serikali haikuwa na sheria wala ofisi madhubuti ya kuudai.

Mambo yakabadilika 1991. Wafadhili wa nje walikuwa wakiibana serikali ipunguze matumizi, wanafunzi wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 walikuwa wameanza kufurika vyuoni, na mwaka huo wakaambiwa walipe ada ya shilingi 6,000. Bumu ikaondoka, meza ya bure ikageuka kuwa mkahawa wa kulipia. Vyuo vikawaka moto wa migomo, vikafungwa, vikafunguliwa, lakini ada ilibaki, na miaka michache baadaye ikapanda hadi 16,000. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikapewa meno ya kudai hata madeni ya tangu 1974. Barua yangu ilinikuta shuleni kupitia kwa mwajiri. Katika chumba cha walimu tulizisoma kwa sauti kama matokeo ya mtihani: fulani anadaiwa hiki, fulani kile. Nilikatwa mwezi kwa mwezi mpaka nikamaliza, nikapewa cheti cha kuonyesha sidaiwi. Hicho ninacho, na kaka yangu wa India hakuwahi kupata cha kwake.

Halafu wadhamini wakawa wengi. Mwaka 2003 ikaja sheria ya mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na sehemu yake ikatengwa kwa basari. Mwaka 2013 zikaja kaunti, nazo zikaanzisha basari zao kupitia wadi. Kaunti ya Machakos ina maeneo bunge manane na wadi 40. Mtoto mmoja, mwaka mmoja, anaweza kujaza fomu ya mbunge, fomu ya wadi, fomu ya HELB, fomu ya chuo chenyewe na ya kanisa, kila moja na picha zake, nakala za vitambulisho vya wazazi, muundo wa ada, na mhuri wa chifu. Duka la kurudufisha karatasi lililo mkabala na ofisi ya chifu hapa petu limejengwa ghorofa. Mwenyewe hunitania kwamba basari humnufaisha kila mwaka bila yeye kuomba.

Katika kamati tunakaa na rundo la fomu mezani na kiasi cha pesa ambacho hakitoshi. Kuna wakati msichana mmoja alikuwa ameitwa kusomea uuguzi. Mama yake huuza mboga stendi, na fomu ilikuwa na alama ya kidole cha mkaa pembeni. Kila mjumbe alikubali kwamba ndiye mhitaji wa kweli. Lakini waombaji walikuwa wengi, uchaguzi ulikuwa karibu, na wakubwa walitaka majina mengi yasomwe hadharani kuliko pesa nyingi kwa wachache. Akapata hundi ya shilingi 5,000, sawa na mtoto wa mwenye matatu mbili. Mama aliniita kando akaniuliza, "Mwalimu, na hii nayo itamfikisha wapi?" Sikuwa na la kumjibu mbele ya wenzangu, ila nilikataa kuitia sahihi orodha, na jambo hilo liliniletea maneno ambayo bado nayasikia.

Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya uliokusudiwa kumaliza haya: mwanafunzi ajaze maswali kwenye mtandao, na kompyuta impange katika mojawapo ya ngazi za uhitaji, kila ngazi na kiasi chake cha ufadhili na mkopo. Nia ilikuwa nzuri. Lakini nikaona mtoto wa kibarua akipangwa na watoto wa wenye mishahara, na hakuna mzee wala chifu wa kumwendea aseme "huyu namjua". Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Miezi michache kabla, mahakama hiyo ilikuwa imesema mfuko wa maeneo bunge ukome ifikapo 30 Juni 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye akaziambia kaunti kwamba haziwezi kuendelea kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu. Wadhamini wote watatu walijikuta mashakani ndani ya miezi mitano.

Mimi naona hii ni nafasi. Hivi vipande vya elfu tano vikusanywe viwe fungu moja la kaunti ndogo, wachache walipiwe karo kamili hadi wamalize, na orodha ya majina na kiasi ibandikwe kwenye mlango wa chifu ambapo kila jirani ataisoma na kupinga. Jirani wa Mkamba hadanganyiki juu ya nani ana ng'ombe. Na wewe uliyesoma kwa mkopo tangu 1974, ukawa na shamba na gari, na bado unadaiwa na HELB, nenda Huduma Centre ukalipe. Pesa unayorudisha ndiyo anayokopeshwa mwanafunzi wa mwaka huu.