Kuandika Kiingereza chuoni: deni la tangu 1984

Leo naomba tuongelee lile somo ambalo mwaka wa kwanza wengi wanalipita huku wamenuna: Stadi za Mawasiliano. Mtu umesoma kwa Kiingereza tangu Fomu Wani mpaka Fomu Siksi, umefaulu, halafu unafika chuo unakaa kwenye lekcha unafundishwa paragrafu ni nini. Wengi wanaona ni dharau. Mimi nasomea ualimu wa historia, nikaona nijiulize kihistoria: imekuwaje tufundishwe chuoni kitu ambacho tulitakiwa kuja nacho? Jibu langu ni kwamba si kwa sababu sisi ni vilaza. Kuna maamuzi yalifanyika kabla hatujazaliwa, na deni lake tunalilipa sisi.

Enzi za Mwingereza, madarasa ya chini ya shule ya msingi yalitumia Kiswahili na ya juu Kiingereza. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, ikaamuliwa shule zote za msingi za serikali zifundishe kwa Kiswahili. Uamuzi huo mimi nautetea, maana mtoto anaelewa anachofundishwa. Tatizo ni kwamba safari iliishia njiani. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Fomu Wani waanze kusoma kwa Kiswahili Januari 1985, na baadaye vyuo vikuu vifuate. Haikutekelezwa.

Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta kwamba ni kama asilimia 10 tu ya Fomu Foo ndio walikuwa na kiwango ambacho mtu angeweza KUANZA kusomeshwa kwa Kiingereza. Kuanza, jamani, na hao walikuwa wanamaliza! Chuo kikuu nako, waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya kozi zao hawakufika asilimia 20. Pamoja na hayo yote wakashauri Kiingereza kibaki, ila kiongezewe nguvu. Serikali ikakibakiza. Mwalimu Nyerere naye mwaka huohuo alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa Waingereza wa kusaidia ufundishaji, ukaweka mkazo mkubwa kwenye vitabu vya kusoma vya ngazi mbalimbali. Kusoma ni jambo jema, lakini kuandika ni kazi nyingine.

Sasa mlete huyo mtoto wa kwetu Rusumo, wilaya ya Ngara. Nyumbani anaongea Kihangaza au Kishubi. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Fomu Wani anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Ng'ambo ya mto Kagera kuna mtoto wa Kinyarwanda, na akiongea na Mhangaza wanaelewana kwa sehemu kubwa bila mkalimani. Huyo naye Oktoba 2008 serikali yake iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa shuleni. Ukivuka daraja la Rusumo gari linahama upande wa barabara, kushoto Tanzania, kulia Rwanda, na alama zipo za kumwelekeza dereva. Mtoto anayehamishwa lugha hapewi alama yoyote. Anaambiwa tu endesha.

Anachofanya ni kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unahamishia kwenye daftari, unakariri, mtihani ukija unamwaga. Wote tunaijua insha ya historia ya sekondari: utangulizi wenye maana ya neno, pointi sita, hitimisho. Unaweza kupata alama nzuri bila kuwahi kuandika sentensi moja iliyotoka kichwani mwako. Chuoni tabia hiyo ikapewa jina, kudesa, na tunacheka. Lakini desa ni mtoto halali wa ubao.

Ndiyo maana hilo somo tunaloliita dogo mimi limenigusa. Kitu cha kwanza ni kwamba linatuonyesha makosa yetu yana asili. Sisi tunasema "Wajerumani walikuja", na ile "wa" imeshikamana na kitendo. Mwanafunzi akihamia Kiingereza anaandika Wajerumani halafu anaongeza "they" mbele yake, kwa sababu sikio lake linadai ile "wa". Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamke na mwanamume, basi "he" na "she" zinapishana mpaka shangazi anakuwa mjomba. Huo siyo ujinga, ni sarufi ya lugha moja inaingia ndani ya nyingine. Ukijua hivyo unaacha kuona aibu, unaanza kurekebisha.

Kitu cha pili ndicho kikubwa zaidi: insha ni hoja, siyo orodha. Chukua mfano wa kwetu. Kwa mtindo wa pointi sita ningetaja sababu za ukoloni, nimemaliza. Kwa mtindo wa hoja inabidi nijiulize swali: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa makubaliano ya Milner na Orts ya 1919, Uingereza ilipewa Gisaka, yaani upande wa Rwanda unaotazamana na Rusumo, kwa ajili ya ndoto ya reli ya kutoka Cape mpaka Cairo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Gisaka ikarudishwa Rwanda. Mbona Bugufi, nchi ya Wahangaza, yenyewe ikabaki Tanganyika? Hapo hakuna desa. Lazima useme unachoamini, utoe ushahidi, uusome tena, ufute, uandike upya. Rasimu ya pili ndiyo inakuonyesha kwamba ulikuwa hujaelewa.

Na hiyo kazi inawezekana kwa lugha yoyote. Kama hujawahi kujenga hoja kwa Kiswahili, Kiingereza hakitakujengea. Nadhani hapo ndipo mjadala wetu wa lugha ya kufundishia unapokwama. Tunabishana lugha ipi itumike, hatuulizi mtoto ameandika nini kwa lugha yoyote ile. Sera ya elimu ya 2014 iliacha mlango wazi kwa lugha zote mbili, lakini mpaka leo sekondari ni Kiingereza, na mtoto wa Rusumo bado ananakili.

Sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaosimama mbele ya ubao huo. Tukienda kumwaga notisi kama tulivyomwagiwa, basi 1984 itaendelea kuzaa. Mimi nimejiwekea jambo moja: kila wiki, Fomu Wani wangu wataandika mistari mitano yao wenyewe, hata ikiwa imechanganya Kiswahili na Kiingereza, juu ya kitu wanachokijua. Mto Kagera, malori ya mpakani, ndizi za bibi. Nitasahihisha hoja kwanza, "he" na "she" baadaye. Darasa la watoto 80 ni mzigo, najua. Lakini mistari mitano inasahihishika.