Bastola Ndogo ya Singo-Aksheni: Cheki Haya Kabla Utoe Pesa Yako Huko Majuu

Kabla hatujafika mbali, wacha tuwekane sawa. Hii stori ni ya wasee wako Marekani. Uko Dallas ama Minneapolis, unatoka shifti ya usiku saa nane, na umeamua unataka bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo bila mtu kujua. Kama unasomea hii ndani ya mathree ya Rongai, isome kwa kujua tu. Hapa Kenya kushika silaha bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha ni kesi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hakuna karao atakuskiza ukimwambia ni ya kujikinga na ngeta.

Hata huko majuu si kila mtu anaruhusiwa. Kama visa yako ni ya masomo ama ya kutembea, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki, ukiondoa visa chache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Mwenye grini kadi na raia wako sawa, bora wasiwe na rekodi mbaya. Duka lenye leseni linakuuzia bastola ukiwa na miaka 21 kwenda juu. Utajaza fomu inaitwa 4473, na jina lako litapigwa msasa kwa mitambo ya FBI. Fomu hiyo inauliza pia kama wewe hutumia bangi, na inakuambia wazi kwamba hata kama jimbo lako limeiruhusu, serikali kuu haijali. Ukidanganya hapo, hiyo peke yake ni kosa la jinai.

Sasa usijifanye mjanja umwambie cuzo mwenye grini kadi akununulie yeye alafu akupitishie. Tangu 2022 kununulia mtu bunduki ilhali unajua haruhusiwi kuwa nayo kunaweza kumpa cuzo hadi miaka 15 ndani, na wewe usishangae ukirudishwa nyumbani. Kubeba nako kunategemea jimbo. Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anaweza kubeba bila kibali kama hana makosa ya kumzuia. Minnesota lazima uende darasa na upewe kibali. Ukivuka mpaka wa jimbo, sheria inabadilika, kwa hivyo soma ya unakoenda kabla ya kutoka.

Haya, karatasi ziko fiti. Singo-aksheni ni nini?

Maana yake ni triga inafanya kazi moja pekee: kuachilia nyundo. Haiwezi kuinua nyundo. Ukivuta slaidi nyuma ndio nyundo inainuka, na kila risasi ikitoka slaidi inarudi nyuma na kuinua nyundo tena. Kwa dabo-aksheni, triga ndiyo inainua nyundo na kuiachilia, kwa hivyo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito. Singo-aksheni mvuto ni mfupi na wa aina moja kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Ndio maana watu wanalenga nayo vizuri. Ndio maana pia lazima iwe na sefti ya kidole gumba, kwa sababu mwendo mfupi hivyo hausamehe kidole kimetegea mahali pabaya.

Baba wa huu mtindo ni John Browning, yule jamaa aliunda 1911 ambayo jeshi la Marekani lilibeba kwa miongo. Kama uko na wasiwasi kwamba kitu kidogo hakiwezi kufanya kazi, kumbuka bastola iliyomuua Archduke Franz Ferdinand kule Sarajevo 1914 ilikuwa FN Model 1910 ya risasi ya .380, kazi ya Browning huyo huyo. Vita vya kwanza vya dunia vilianzia kwa kachuma ka mfukoni. Si sifa, ni historia tu.

Kuna familia moja hivi, zote zinafanana na 1911 iliyooshwa kwa maji moto ikajikunja. Colt Mustang ndiyo mama yao, ilitoka miaka ya 80, ikapotea, ikarudi. SIG P238 ilitoka 2009 na inafuata ramani ya Mustang. Kuna Kimber Micro na Springfield 911, zote za .380. Alafu kuna ndugu wakubwa kidogo wa 9mm, yaani SIG P938 na Kimber Micro 9. P238 ina uzito wa gramu 430 hivi bila risasi, kama simu mbili ukizishika pamoja, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi sita. Mustang ile nyepesi na Springfield ziko karibu gramu 350.

Kati ya .380 na 9mm, usibebwe na maneno ya mabro wa gym. 9mm ina nguvu zaidi na mara nyingi ni bei poa, kwa hivyo utafanya mazoezi mengi zaidi. Lakini kwenye chuma kidogo hivyo inarusha mkono. .380 ya hii familia ni tamu kupiga kwa sababu mtutu na slaidi zinafungana kwa sekunde ndogo risasi ikitoka, kwa hivyo springi haihitaji kuwa ngumu. Linganisha na Walther PPK, ile ya James Bond. PPK haina hiyo kufuli, inategemea uzito wa slaidi na springi kali, na wenye mikono midogo ama vidole vyenye baridi yabisi huwa wanapigana nayo kuivuta tu. Kama ni mamako anatafuta ya kuweka nyumbani, hiyo tofauti ndiyo atasikia kwanza.

Sasa kuaminika. Hapa ndipo pesa huliwa. Bastola ndogo ina shida ambayo kubwa haina: slaidi ni fupi na nyepesi, inaenda nyuma na kurudi kwa kasi sana, na magazini ina muda kidogo sana wa kuinua risasi inayofuata. Springi ikichoka kidogo, ama mkono wako ukiwa umelegea, slaidi hairudi vizuri na chuma kinakwama. Si lazima iwe mbovu. Inaweza kuwa ni wewe unaishika kama unashika kikombe cha chai. Springi yenyewe hubadilishwa mapema kuliko ya bastola kubwa, na kitabu chake kinasema baada ya risasi ngapi. Ukinunua ya mitumba, nunua springi mpya siku hiyo hiyo. Ni bei ya chakula cha mchana.

Usiamini video ya mtu akipiga risasi kumi anasema "inafanya kazi." Ipeleke uwanja wa kulengea. Watu waliozoea hupiga kama 200 za mazoezi, alafu boksi moja au mbili za zile utakazobeba kwa kweli, na kwa magazini zote ulizonazo. Zile za kujilinda zina kichwa chenye shimo, umbo tofauti na za mazoezi, na kuna bastola inakula za mviringo bila shida lakini inakataa zile. Ikikwama, badilisha aina ya risasi ama magazini kabla ya kulaumu chuma. Ikiendelea kukwama, irudishe kwa kiwanda. Hata kama iko na mpini wa mbao umechongwa maua, haijamaliza mtihani.

Alafu sefti. Ishike dukani baada ya muuzaji kukuonyesha chemba iko tupu, elekeza mahali salama, kidole nje ya triga, na ujaribu: kidole gumba chako kinafika kwenye sefti bila kubadilisha mshiko? Kwa hii familia unasukuma chini kufungua. Kama una bastola nyingine nyumbani ambayo sefti yake inaenda juu, chagua mtindo mmoja ukae nao, kwa sababu ukiwa na hofu mkono hufanya ulichozoea. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, uliza kama sefti iko pande zote mbili. P238 ina kitu kizuri: unaweza kuvuta slaidi sefti ikiwa imefungwa, kwa hivyo unaweza kuitoa risasi bila kufungua hatari.

Hii mashine iliundwa ibebwe risasi ikiwa kwa chemba, nyundo juu, sefti imefungwa. Ukiitazama inaogofya, najua. Wengi wakiona ile nyundo imesimama wanaamua kuishusha polepole kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo ndani. Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Kidole kikiteleza, nyundo inaanguka na risasi inaweza kutoka, na siku ukiihitaji lazima uinue nyundo tena kwa mkono unaotetemeka. Kama nyundo juu inakunyima usingizi, beba chemba ikiwa tupu mpaka uzoee, ama nunua dabo-aksheni na maisha yaendelee. Hakuna aibu hapo. Hii aina haimfai kila mtu, na mtu asiyetaka kufanya mazoezi ya kusukuma ile sefti mara mia mbili akiwa na bastola tupu, mimi ningemwambia aiache.

Ala yake lazima ifunike triga yote na iwe ngumu kiasi cha kutojikunja. Ukibeba mfukoni, mfuko huo ni wake pekee. Funguo, sarafu, lip balm, hata pamba ya suruali, vyote ni adui. Pamba huingia kwa nyundo, na kifungo cha jaketi kimewahi kuvuta triga ya watu.

Ukirudi nyumbani Disemba, iache huko huko. Ukiwa ndani ya Marekani shirika la ndege litakukubalia kuibeba kwa mzigo, bila risasi ndani, kwa sanduku gumu lenye kufuli, baada ya kutangaza. Kutua nayo JKIA bila kibali ni kesi nyingine kabisa. Na usimwachie rumeti wako wa visa ya masomo akuwekee, kwa sababu unamtia kwa lile kosa tulianza nalo. Iweke kwa sefu yenye kufuli ambayo yeye hana namba yake, ama muulize muuzaji mwenye leseni kama anahifadhi kwa ada.