Kujitolea kusafisha baada ya maafa (Mbeya na Iringa)

Kazi isiyo na malipo ya kuondoa tope na vifusi mvua za Novemba hadi Mei zinapoleta maafa. Tarehe 14 Aprili 2024, tope kutoka Mlima Kawetere lilifukia nyumba na shule katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Iringa maafa huja kwa maji zaidi, kama mafuriko ya 2016 kwenye mashamba ya mpunga ya Pawaga.

Siku huanza na baridi, wenye gambuti wakiwa wachache kuliko wenye kandambili. Tope likiwa bichi hunyonya koleo mpaka mpini ukatike. Likikauka hudai sululu, na jua likipanda watu hupokezana kila baada ya toroli chache. Mitambo huachiwa barabara. Ndani ya nyumba ni ndoo na mikono. Godoro lililolowa hubebwa na watu wanne. Daftari la mtoto halitupwi: huanikwa juu ya bati, hata kama wino umeshafutika.

Majirani hutangulia, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Msalaba Mwekundu na skauti hufuata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, lakini chakula cha wanaojitolea kwa kawaida hupikwa na akina mama wa jirani.